Kuvusha Mbegu Kiangazi

Masika yakishakatika mwishoni mwa Mei, vilima vya Ngara, mkoani Kagera, hubadilika rangi ndani ya wiki chache. Nyasi hukauka, vumbi jekundu hutanda kwenye migomba iliyo kando ya barabara ya Rusumo, na mpaka vuli ianze, Septemba au Oktoba, hakuna mvua ya kutegemea. Hapo ndipo bustani ya nyumbani inapomtambulisha mwenyewe. Kupanda kila mtu anapanda; mvua humbeba hata mvivu. Ufundi ninaousifu ni wa kuvusha: kukiingiza kiazi katika kiangazi kikiwa hai na kukitoa kikiwa hai.

Kiazi kitamu ndicho chenye usumbufu. Hupandwa kwa marando, na marando hayatunziki ghalani. Yakikauka yote, mvua ya kwanza inakukuta mikono mitupu ukibisha hodi kwa majirani, huku unyevu ukipita. Kwa hiyo wenye ujuzi, Ngara kwa Biharamulo, huacha kipande kidogo bondeni, au nyuma ya bafu ambako maji ya kuogea hutiririka, na pale marando hubaki kijani hata Agosti. Hapo hapachumwi mboga ovyo, na mwenye mbuzi asiyefungwa atasikia maneno.

Ipo njia nyingine, ambayo watafiti wa Kituo cha Kimataifa cha Viazi waliifanyia kazi Uganda na Kanda ya Ziwa. Wakati wa mavuno unachagua viazi visivyo na tundu la fukusi, unavipanga katika beseni kwa matabaka ya mchanga mkavu, unaliweka ndani kivulini. Wiki 6 hadi 8 kabla ya mvua, viazi vilivyochipua unavihamishia kwenye kitalu na kuvimwagilia. Mvua ikifika, marando unayo.

Michembe na matobolwa, yaani vipande vya viazi vitamu ambavyo Wasukuma wa Biharamulo huvianika juani, ni akiba ya tumbo, si ya mbegu. Kiazi kilichokatwa na kukaushwa hakioti tena.

Moyo wangu, hata hivyo, uko kwenye viazi vikuu. Majani yake yakishanyauka, kiazi hulala chini kwa miezi miwili, mitatu, hata minne, kisha huamka chenyewe. Kiweke pembe yenye giza jikoni, bila tone la maji: siku yake ikifika kitatoa chipukizi nene linalotafuta pa kupanda. Mchimbaji mzuri haparamii kwa jembe. Hufukua upande mmoja kwa mikono, akifuata shingo ya kiazi, halafu hukata chini kidogo ya kichwa. Jeraha hupakwa jivu. Sehemu kubwa huenda chunguni. Kichwa hurudi shimoni, kando ya mti utakaobeba mmea msimu ujao, na juu yake hutandazwa majani makavu ya mgomba. Mtu anaweza kula kiazi hicho miaka mingi asinunue mbegu.

Kuna pia jamii yake inayozaa hewani, viazi vya kijivu vikining'inia kwenye makwapa ya majani. Aina nyingine ni chungu na hazifai bila kuchemshwa sana na kubadilishwa maji. Vijana wengi hawavijui kabisa, na hilo linanisikitisha kweli.

Maana mkoa wa Kagera umeshaonywa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ugonjwa wa batobato kali uliingia kutoka Uganda na kuharibu mihogo. Mwaka 2006 mnyauko wa bakteria ulianza kuangusha migomba, ambayo ndiyo chakula chenyewe cha watu wengi huku. Magonjwa yale hayakugusa magimbi ya mferejini wala viazi vikuu vilivyozikwa chini ya miti. Aliyekuwa navyo alikuwa na kitu cha kuchimba.

Kwa hiyo ukimjua bibi mwenye kiazi kikuu, nenda kiangazi hiki ukamwombe kichwa kimoja, umwombe pia akuonyeshe anavyokikata. Kizike chini ya mti kabla ya vuli. Na ukivuna, mpelekee jirani kichwa chake.