Mpangilio wa Vifo: Jinsi Riwaya Mbili za Kenya Zinavyosimulia Msiba wa Jamaa

Chama cha wasomaji kinachokutana maktabani hukabiliwa na kazi nzito kinapojadili riwaya ya kihistoria, yaani hadithi ya kubuni iliyofumwa juu ya matukio yaliyopata kutokea, kwa kuwa msomaji hulazimika kupima kwa wakati mmoja uchungu wa watu ambao hawakuwahi kuishi na ukweli wa nyakati zilizokuwapo. Mahali kama Sigowet, katika kaunti ya Kericho, ambako wengi walizoeana na riwaya darasani, huzidi tatizo la mazoea ya mtihani: maudhui huorodheshwa, sifa za wahusika huorodheshwa, na kikao huwa kimekwisha kabla hakijaanza. Njia yenye tija zaidi ni kuchunguza jinsi mwandishi alivyopanga vifo vyenyewe, kwani huzuni ya jamaa katika riwaya hujengwa na mpangilio kuliko na machozi.

The River and the Source ya Margaret Ogola, iliyochapishwa mwaka 1994 na kutahiniwa shuleni baadaye, hufuata wakati moja kwa moja kupitia vizazi kadhaa. Akoko humpoteza mwanawe Obura katika Vita Kuu ya Kwanza, kisha mumewe, kisha mwana wa pili, Owang' Sino, ambaye hukabwa na mfupa wa samaki akiwa ndiyo kwanza ameshika utemi. Mfupa huo unastahili kutazamwa kwa makini. Ogola hautangulizii ishara yoyote wala hakawii juu yake, bali hupita haraka hadi kwenye matokeo, yaani shemeji anayejinyakulia madaraka na mjane anayefunga safari ya Kisumu kumshtaki mbele ya serikali ya kikoloni, hivyo kwamba msiba hugeuka kuwa nguvu inayosukuma hadithi mbele. Kasi hiyo, inayofaa sana katika sehemu za mwanzo, hudhoofisha zile za mwisho, ambapo wahusika ni wengi na msomaji hapati nafasi ya kumlilia yeyote.

Dust ya Yvonne Adhiambo Owuor, ya mwaka 2013, hushika njia ya kinyume. Odidi Oganda huuawa kwa risasi mjini Nairobi kurasa za mwanzo tu, katika siku za uchaguzi wa Desemba 2007, na karibu yote yanayofuata ni jitihada ya jamaa yake kukikubali kifo hicho katika nyumba yao ya kaskazini. Mbinu kuu hapa ni kisengerenyuma, ambapo usimulizi huacha tukio la sasa na kurejea lililotangulia: Vita vya Burma vilivyowameza baba na kaka ya Nyipir, babake Odidi, miaka ya Mau Mau, kuuawa kwa Tom Mboya mwaka 1969. Nyipir anapomkusanyia mwanawe mawe ya kaburi, msomaji huanza kufahamu kwamba wamo wafu wengine ambao hawakupata hata jiwe moja, na kwamba ukimya wa baba huyo una umri mkubwa kuliko mwanawe. Kwa kazi ya maktabani, inatosha karatasi yenye safu mbili, moja ya miaka kama ilivyopita na nyingine ya matukio kama yanavyosimuliwa, kisha kila tofauti kati ya safu hizo iulizwe sababu yake.

Wasomaji wa Sigowet wana ushahidi wao wa kuongeza. Ghasia za baada ya uchaguzi, mwanzoni mwa 2008, ziliifikia Kericho, na kabla ya hapo kulikuwa na sheria ya mwaka 1934 iliyowahamisha watu wa ukoo wa Talai kutoka nchi ya Wakipsigis hadi Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria, ilhali ardhi ya Wakipsigis ikiendelea kugeuzwa mashamba ya chai. Kumbukumbu za namna hiyo zina nafasi kikaoni mradi zisubiri hadi ukurasa unaojadiliwa uwe umesomwa. Zikitangulia, kikao hugeuka baraza la malalamiko, nacho kitabu husahaulika mezani.

Ugomvi mkubwa zaidi utamhusu Akai, mama ya Odidi, anayeliona jeneza la mwanawe na kukimbilia nyikani badala ya kukaa matanga. Msomaji aliyelelewa katika desturi ya kumzika maiti kwa mkusanyiko wa ukoo ana haki ya kukasirika, na Owuor anaonekana kuitegemea hasira hiyo, maana anachelewesha kwa makusudi maelezo ya maisha ya awali ya mama huyo hadi hukumu iwe imekwisha kutolewa. Ndiyo maana ni afadhali chama kianze na Ogola ndipo kije kwa Owuor: anayetoka kwenye Dust huiona The River and the Source kuwa nyepesi mno, na huo si uamuzi wa haki.