Mivukuto ya Freiberg

Juu ya kinanda cha umeme ninachokipiga kanisani hapa Tunduma nimeegemeza kadi ya posta. Picha yake ni kinanda cha mabomba cha kanisa kuu la Freiberg, jimbo la Saxony, Ujerumani. Mazoezi ya kwaya yakiisha, wenzangu wakishatoka, huitazama tena.

Fundi wake, Gottfried Silbermann, alikikamilisha mwaka 1714, akiwa na miaka 31. Kina safu tatu za vibonyezo vya mikono, moja ya miguu, na mabomba zaidi ya 2,500.

Bomba moja tu linatosha kukushangaza. Bati na risasi huyeyushwa pamoja, humwagwa mezani zikawa bapa, kisha bapa hupigwa randa, huviringishwa na kuungwa kwa lehemu. Hapo bomba bado ni bubu. Ndipo fundi hulikata mdomo. Upepo hupenya kwenye mwanya mwembamba, hugonga ukingo wa juu wa mdomo huo, na hewa iliyomo ndani hutetemeka ikawa sauti. Bomba likiwa nusu ya urefu wa mwenzake, sauti hupanda oktava nzima. Fundi akiukata mdomo juu zaidi kwa unene wa ukucha, sauti hugeuka. Akizidisha, bomba limeharibika. Huinama, husikiliza, hukwangua kidogo, husikiliza tena. Kisha huchukua la pili. Na la tatu. Mpaka zaidi ya 2,500!

Kabla ya umeme, pumzi ya chombo hiki ilitoka kwa watu waliokanyaga mivukuto mahali ambapo waumini hawakuwaona. Hao nao nawahesabu mafundi. Na hapa mkoani Songwe mivukuto si jambo geni: Wanyiha wa Mbozi walisifika kwa kuyeyusha na kufua chuma, na mhunzi asiyejua kuutawala upepo hapati jembe. Naamini mhunzi wa Mbozi wa enzi zile angekielewa kinanda cha Freiberg upesi kuliko mimi, niliyezoea kubonyeza swichi.

Mabomba hayo hatuna, ila nyimbo za huko tunazo. Wamisionari wa Moravian waliofika Rungwe mwaka 1891, kisha wakaja Mbozi, chimbuko lao ni Herrnhut, mji wa Saxony hiyohiyo.

Wala asiwepo wa kusema kwamba kinanda cha mabomba ni cha Wazungu tangu mwanzo. Cha kwanza kinachojulikana kilibuniwa barani kwetu, mjini Alexandria, Misri, na fundi Ktesibios, katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Aliutuliza upepo wake kwa uzito wa maji, ili sauti isiyumbe.

Kinanda changu kina kitufe cha kuiga sauti ya mabomba. Jumapili hukibonyeza wakati wa sadaka, macho yakiwa kwenye kadi. Kile cha Freiberg, baada ya miaka zaidi ya 300, bado kinapigwa ibadani.