Damu ya vena na damu ya ateri: zinafanana, lakini haziko sawa

Leo nataka kukosoa sentensi moja tu. Inarudi-rudi katika memware zetu za udaktari, hata mimi niliiandika: « Vipimo vya vena na vya ateri vina uhusiano mkubwa, r inapita 0,9; basi vena inaweza kuchukua nafasi ya ateri kwa mgonjwa mahututi. » Siku ya kutetea kazi juri lilifurahi, watu wakapiga makofi. Hakuna aliyeuliza ile « basi » ilitoka wapi.

Kwanza tuipe haki yake. Kuchoma ateri ya mkono kunauma sana, damu inaweza kuvilia chini ya ngozi, na stajeri mara mingi anakosea, anachoma tena. Vena inachomwa kwa urahisi, pamoja na vipimo vingine. Tena kwa vitu fulani inasema kweli: pH yake iko chini ya ile ya ateri kwa karibu 0,03, na bikaboneti inazidi kwa karibu 1 tu. Mgonjwa wa sukari ambaye damu yake imejaa asidi, kwa nini tumtese ateri kila saa? Hapo sina ugomvi.

Ugomvi wangu uko na « r ». Tuchukue balansi mbili za sokoni. Moja iko sawa, ingine inaongeza gramu 200 kila mara. Pima samaki wakubwa na wadogo: zote mbili zitapanda pamoja na kushuka pamoja, r itakuwa 1. Na mama anayenunua ataibiwa kila siku! Bland na Altman walilieleza jambo hili katika Lancet mwaka 1986: tazama tofauti ya kila jozi ya vipimo, wastani wake, na mipaka yake.

Wastani peke yake pia unadanganya. Balansi ikiongeza leo na kupunguza kesho, wastani wa kosa ni zero. CO2 njo iko hivyo. Kwa wastani vena inazidi ateri kwa milimita 4 hadi 6 za merkuri, lakini kwa mgonjwa mmoja tofauti inaweza kupita 10. Na sisi tunatibu mgonjwa mmoja, hatutibu wastani. Oksijeni ndiyo usiulize: damu ya vena imeisha kuigawa mwilini, haiwezi kukuambia mapafu yanafanya kazi namna gani.

Mwaka uleule wa 1986, Weil na wenzake walichapisha katika New England Journal of Medicine vipimo vya wagonjwa 16 ambao moyo ulikuwa umesimama na walikuwa wakikandwa kifua. Ateri: pH 7,41, CO2 32. Damu ya vena iliyochanganyika, karibu na mapafu: pH 7,15, CO2 74. Ona sasa! Ateri ilionyesha mtu karibu mzima. Vena njo ilisema mwili unakufa. Kumbe hakuna mmoja aliye kaimu wa mwingine. Ateri inajibu juu ya mapafu, vena juu ya mwili uliokwisha kutumia damu. Damu ikitembea vizuri, majibu yanakaribiana. Mgonjwa akiwa katika shoki, yanaachana.

Hapa njo kosa langu: niliweka neno « mahututi » kwenye kichwa cha memware, wakati wengi wa wagonjwa wangu hawakuwa katika shoki. Kama ningeiandika tena, ningesema: anza na vena, pamoja na kipimo cha oksijeni cha kidole. CO2 ya vena ikiwa chini ya 45, ya ateri haiwezi kuwa juu sana. Ikizidi, ama presha ikianguka, choma ateri.

Sentensi hiyo haitapigiwa makofi, lakini daktari wa zamu anaweza kuitumia saa nane za usiku.