Glukosi Inayoweza Kufika Tabora

Misafara ya kale kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji ilibeba pembe za ndovu, nguo, shanga na chumvi ya Uvinza: mizigo iliyostahimili miezi ya njiani. Kwa mgonjwa wa saratani aliyeko Tabora leo, ustahimilivu huohuo ndio utakaoamua ni teknolojia ipi ya kuchunguza uvimbe itamfikia.

MRI ya kawaida husikiliza haidrojeni iliyomo katika maji na mafuta ya mwili. Huonyesha ukubwa na umbo la uvimbe, lakini haisemi unatumiaje nishati. Huko Berlin, miaka ya 1920, Otto Warburg alibaini kuwa seli za saratani humeza glukosi kwa wingi na kuigeuza laktati hata oksijeni ikiwapo, ilhali seli nyingi zenye afya huichoma mpaka mwisho. Tofauti hiyo ina thamani kubwa, kwa sababu dawa ikifanya kazi, ulaji wa uvimbe huweza kubadilika kabla ukubwa wake haujapungua.

Kipimo cha PET hutumia glukosi iliyotiwa florini-18 yenye mionzi, ambayo nusu yake huisha kila dakika 110. Dozi ikitoka Dar es Salaam kwa gari na kukaa njiani saa 12, itafika Tabora imebaki asilimia 1 hivi. Tena PET huonyesha sukari ilikoingia tu. Ilichogeuka kuwa hakionekani.

Njia ya pili ilifunguliwa mwaka 2003 na Jan Henrik Ardenkjær-Larsen na wenzake. Piruvati, zao la glukosi kabla ya kugeuka laktati, ikiwa na kaboni-13 huchanganywa na kemikali yenye elektroni zisizo na wenza, kisha hugandishwa kwenye nyuzi -272 hivi za Selsiasi ndani ya sumaku. Mawimbi ya maikro huhamishia mpangilio wa elektroni hizo kwenye viini vya kaboni. Ikiyeyushwa ghafla kwa kimiminika cha moto, ishara yake katika MRI huwa imeongezeka zaidi ya mara 10,000. Mwaka 2013, watafiti wa San Francisco walichapisha matokeo ya wanaume 31 wenye saratani ya tezi dume: piruvati ilionekana ikigeuka laktati ndani ya uvimbe. Hata hivyo, zaidi ya nusu ya ishara hiyo hupotea ndani ya dakika moja. Mtambo wa kuitayarisha lazima uwe jirani na mgonjwa.

Njia ya tatu ndiyo inayonipa matumaini. Mwaka 2018, Henk De Feyter, Robin de Graaf na wenzao wa Chuo Kikuu cha Yale walieleza walivyotumia glukosi yenye deuteriamu, haidrojeni nzito isiyotoa mionzi. Mgonjwa huinywa tu. Kila kinachotokana nayo hutoa mawimbi ya redio ya masafa yake, hivyo glukosi, laktati na glutamati hutambulika kila moja. Kwenye ubongo wenye afya, deuteriamu iliishia zaidi katika glutamati na glutamini, dalili ya sukari kuchomwa kikamilifu. Ndani ya glioblastoma, aina ya saratani ya ubongo, laktati ilipanda na glutamati ikashuka. Hata rula imo mwilini: takriban atomi moja kati ya 6,400 za haidrojeni katika maji ni deuteriamu, na kiasi hicho hutumika kupimia vingine.

Udhaifu upo. Ishara ni hafifu, picha ina vipande vya upana wa sentimita 2 hivi, na uvimbe mdogo utapotea humo. Katika sumaku ya tesla 3, haidrojeni husikika kwenye megahezi 128, deuteriamu kwenye 20 hivi, kwa hiyo inahitaji koili na vipokezi vyake.

Lakini unga wa glukosi hiyo unaweza kusafiri kwa treni ya Reli ya Kati, ukakaa katika stoo ya dawa ya Hospitali ya Kitete mjini Tabora kwa miezi, bila deuteriamu yake kupungua. Ndiyo maana hospitali zetu za rufaa zinapoandika vigezo vya zabuni ya MRI, zidai mashine inayoweza kuongezewa uwezo wa kusikiliza viini vingine zaidi ya haidrojeni. Sifa hiyo huulizwa kabla ya kusaini mkataba; kuitafuta baadaye ni gharama mpya.