Ripoti ya FMI, tuisome kutoka Sandoa

Wandugu, tangu Oktoba 2025 ripoti ya FMI juu ya uchumi wa dunia inazunguka kwa telefone zetu. Kila mutu anatuma namba zilezile: dunia itakua 3,2% mwaka 2025 na 3,1% mwaka 2026. Mwezi wa Aprili walikuwa wamesema 2,8%, juu ya ushuru wa Donald Trump, kisha wakapandisha. Sisi wenye diplome tunazirudia namba hizo sawa watu wa banki. Mimi nina swali moja: mulimaji wa Sandoa akizisikia, zinamwambia nini juu ya mwaka wake?

Tuwe wa haki kwanza. Ripoti si kazi ya bure. Inchi inayouza shaba na kobalti lazima ijue kama China itanunua, kama dola itapanda, kama mikopo itakuwa ghali. Kolwezi inasikia hayo mbele ya Kinshasa. Lakini ripoti inaangalia zaidi mwenye deni na mwenye kuuza nje. Mwenye kula bukari na mwenye kulima mahindi anapitiwa haraka. Na sisi tunaikubali vile ilivyo, hatuongezi hata mustari mumoja wa kwetu.

Chukua riba. Agosti 2023 Banki Kuu ya Congo ilipandisha riba yake ya msingi hadi 25%. Tarehe 7 Oktoba 2025 ikaishusha hadi 17,5%. Banasema ni habari njema, na kweli kuna sababu: mwaka 2023 bei zilipanda zaidi ya 20%, halafu zikatulia, dola iliyokuwa zaidi ya franka 2 800 ikashuka chini ya 2 600. Sasa angalia kalenda. Oktoba ndiyo mwezi mvua inaanza kwetu, mulimaji anatafuta mbegu na mbolea. Riba imeshuka, lakini yeye iko na banki gani? Pesa nyingi katika banki zetu iko katika dola, na riba ya franka haiigusi sana. Yeye anakopa kwa mfanyabiashara anayekuja na lori: anapewa makuta leo, analipa kwa mifuko ya mahindi wakati wa mavuno, kwa bei aliyopanga mwenye lori. Hiyo ndiyo riba ya kijijini, na hakuna gavana wa Banki Kuu anayeishusha.

Hata franka yenye nguvu ina pande mbili. Mutu wa Kolwezi anayelipwa franka anapata nafuu, juu bunga ya kutoka nje inapunguka bei. Lakini bunga hiyohiyo ndiyo inapigana sokoni na mahindi ya Sandoa, yaliyokuja kwa barabara inayovunja malori wakati wa mvua. Mafuta ya lori hayakupunguka nusu. Nani anabeba hasara? Yule aliye mwisho wa barabara.

Tuje kwenye biashara. Tulibishana sana juu ya ushuru wa Marekani. Ile 15% waliyoiweka Congo mwaka 2025 ilitutia woga, wakati kathodi za shaba ziliachwa nje. Siasa ya biashara inayogusa sahani yetu haitoki Washington, inatoka Lusaka. Mwaka 2024 ukame ulipiga Zambia, serikali yao ikatangaza janga mwezi wa Februari, mavuno ya mahindi yakaanguka hadi karibu tani milioni 1,5, na mlango wa kuuza nje ukafungwa. Agosti ya mwaka ule, Congo ilipokataza bia na vinywaji vya kutoka nje, Zambia ilifunga Kasumbalesa, Mokambo na Sakania kwa siku chache. Mwaka 2025 wakavuna zaidi ya tani milioni 3,6, sisi tukapumua. Yaani bei ya bukari Kolwezi inategemea kama mvua imenyesha Choma na Chipata. Tuko na mvua yetu, tuko na udongo wetu, lakini tunasikiliza hali ya hewa ya jirani.

Wala musiniambie serikali haina nguvu. Tarehe 22 Februari 2025 ilifunga kuuza kobalti. Toka 16 Oktoba ikaweka kota: tani 18 125 kwa miezi iliyobaki, kisha 96 600 kwa mwaka 2026 na 2027. Bei ya dunia ikapanda zaidi ya mara mbili. Basi tunajua kutumia bidhaa kama silaha. Kwa kobalti kuna mamlaka, kota na tarehe. Kwa mahindi kuna hotuba.

Makuta nayo inafuata mgodi. Kodi ya madini ya 2018 inasema 25% ya redevance iende kwa provinsi na 15% kwa eneo lenye mgodi. Migodi mikubwa iko Kolwezi na Fungurume. Sandoa inangojea ile 25% ipite kwanza Kolwezi. Zamani, wakati wa Katanga nzima, gavana Moïse Katumbi alidai kampuni za madini zilime hekta 500 kila moja. Wazo lilikuwa zuri, lakini leo bado tunangojea bunga ya Zambia. Amri ya kulima haitoshi kama hakuna mnunuzi wa hakika, ghala, na barabara ya kushuka hadi reli kule Kasaji. Reli ya Lobito wanaisifu kwa shaba. Nani ameuliza mabehewa mangapi ni ya mahindi?

Atakayesema barabara ya Sandoa si kazi ya FMI, amesema kweli. Ni kazi yetu, na ya provinsi. Basi tuandike mustari wetu. Kila mwezi tuchukue namba nne: bei ya mufuko wa mahindi shambani Sandoa, bei yake sokoni Kolwezi, bei ya lori kati ya hizo mbili, na bei ya mufuko wa urea. Wenzetu wa uchumi wanajua kuzipanga, sisi wa agronomia tunajua zinapatikana wapi. Haiombi mufadhili, inaomba kalamu na watu kumi wenye kushika neno.

Miaka miwili ya namba hizo ikiwa mezani, mwenye kupanga budjeti ya Lualaba hatakuwa tena na njia ya kusema hakujua. Na sisi tunaobeba CV kwenye mlango wa mine kila asubuhi, tutakuwa tumeonyesha pia kwamba kazi iko upande mwingine wa barabara.