Kitabu cha Faraja na Watumwa Ishirini

Shule ya msingi tulifundishwa Kilwa kwa orodha mbili. Mwalimu aligawa ubao kwa mstari wa chaki: kushoto sababu za kukua, kulia sababu za kuanguka. Kushoto kulikuwa na bandari nzuri, pepo za msimu, dhahabu ya Sofala na uongozi bora. Kulia, ugomvi wa kugombea madaraka na kuja kwa Wareno. Chini kabisa aliandika bidhaa: dhahabu, pembe za ndovu, watumwa. Akaweka nukta.

Jioni nilimsomea bibi yangu, mzaa mama, aliyekuwa barazani akichambua kunde. Nilikuwa nimezikariri kama wimbo. Nilipofika kwenye bidhaa akanisimamisha, akataka nirudie. Nikarudia. Akasema, "Hapo pa tatu, mjukuu wangu, usipite mbio."

Nilipita mbio kwa miaka mingi. Nimerudi juzi, baada ya kuvisoma tena vitabu viwili vinavyobeba karibu yote tunayoyasimulia kuhusu Kilwa Kisiwani ya zamani, kisha nikapanda mashua kutoka Masoko kwenda kuyaona magofu. Ninachoandika hapa ni habari ya kusoma: vitabu hivyo vinasema nini, vinanyamaza wapi, na sisi tunaovirithi tumekuwa tukisoma nini.

Cha kwanza ni safari ya Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331. Vitabu vyetu vya shule vinapenda kumtaja kwa sababu aliusifu mji kwa uzuri wake. Lakini ukimsoma kwa utulivu utaona kwamba majengo hayakumshughulisha sana. Kilichomkaa moyoni ni ukarimu wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye watu walimpa lakabu ya Abu al-Mawahib, baba wa vipawa. Anasimulia kwamba siku moja baada ya sala ya Ijumaa fakiri mmoja kutoka Yemeni alimkabili Sultani njiani, akamwomba nguo alizovaa mwilini. Sultani akarudi, akazivua, akampa. Mtoto wa Sultani akazichukua tena nguo zile, akamfidia fakiri kwa watumwa kumi. Sultani aliposikia jinsi watu walivyolisifu tendo lake, akaamuru fakiri aongezewe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Ni hadithi iliyosukwa vizuri. Ina mwombaji, mfalme anayevua joho mbele ya watu, mtoto mwenye busara za nyumbani, na sifa za mjini zinazozaa zawadi mpya. Baada yake msimulizi anatuletea kinyume: Daud, ndugu yake al-Hasan, aliyeshika kiti baadaye, ambaye mwombaji akimjia humjibu kwamba mtoaji amekwisha kufa na hakuacha kitu cha kutoa. Ndugu mkarimu na ndugu bahili. Nimewahi kuisikia hadithi hii ikitolewa kama mfano wa uongozi bora, na wasikilizaji wakatikisa vichwa kwa kuridhika.

Sasa ihesabu. Jozi moja ya nguo imelipwa kwa watu ishirini. Ibn Battuta hafichi walikotoka: anasema Sultani alikuwa akiivamia mara kwa mara nchi ya Zanj, akichukua ngawira na kutenga sehemu ya tano kwa njia ilivyoagizwa. Kwa hiyo ukarimu na uvamizi vimo katika ukurasa uleule, tena kimoja ndicho kinachokilisha kingine. Sisi wasomaji ndio tuliovitenganisha. Ukarimu tukaupeleka kushoto mwa ubao, uvamizi tukauacha barazani. Simlaumu msafiri wa karne ya 14 kwa kutowauliza majina wale ishirini. Namlaumu msomaji wa leo, na kwanza ni mimi mwenyewe, niliyeisoma hadithi hii zaidi ya mara tatu kabla ya kugundua kwamba ina watu wengine ndani yake.

Kitabu cha pili ni cha wana Kilwa wenyewe. Kwa Kiarabu kinaitwa Kitab al-Sulwa fi Akhbar Kulwa. Sulwa ni faraja: kitabu cha faraja katika habari za Kilwa. Mwandishi hajulikani kwa jina, lakini anasema alizaliwa mwaka 904 Hijria, yaani 1499. Nakala iliyopo iko London. Sultani Barghash wa Zanzibar alimpa John Kirk mwaka 1877.

Tazama ule mwaka wa kuzaliwa. Julai 1505, Francisco de Almeida alipoteremsha askari wake na kuupora mji, mwandishi wetu alikuwa mtoto wa miaka kama sita. Anayekuja kuandika ukubwani ni mtu aliyekulia ndani ya mji uliovunjwa. Ndiyo maana siwezi kukisoma kama daftari la kumbukumbu tu. Ni kitabu cha mtu anayejiliwaza.

Faraja yake inaanza na nguo. Ali bin al-Hasan anawasili kutoka Shiraz, anakuta kisiwa kina mwenyewe, na mwenyewe anakubali kukiuza kwa nguo za kutosha kukizunguka kisiwa chote. Nguo zinatandazwa, biashara inakwisha. Mwenye kisiwa anahamia bara, kisha anarudi na nia ya kuua; lakini mnunuzi amekwisha kukichimba kivuko kilichokuwa kikikupwa hata watu wakavuka kwa miguu, maji yakatenga kisiwa na bara.

Kama hati ya kiwanja, sijaona nzuri kuliko hii. Ina muuzaji, mnunuzi, bei, na hata mpaka. Lakini hadithi yenyewe ni nyoofu kuliko nia yake. Katika sura hiyohiyo tunaambiwa kwamba wageni walipofika walimkuta Mwislamu anayeishi pale na jamaa zake, na msikiti upo. Ndiye aliyewatafsiria maneno. Yaani kabla ya mwanzo kulikuwa na mwanzo mwingine. Wachimbuaji wa mambo ya kale, kuanzia kazi ya Neville Chittick, walikuta makazi ya zamani zaidi chini ya mji wa mawe. Na uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2023, wa watu waliozikwa katika miji ya mwambao, umeonyesha mchanganyiko ulioanza takriban mwaka 1000: upande wa kiume wengi wana asili ya Uajemi, upande wa kike karibu wote ni wa Afrika. Wale mama hawamo katika kitabu cha faraja. Waliomo ni wanaume na vitambaa.

Hata hivyo nakiheshimu kitabu hiki kwa jambo moja. Kinapofika kuanguka, hakimtupii mgeni lawama yote. Kinatuonyesha maamiri na mawaziri wakishika hatamu huku masultani wakibaki majina, huyu akitawazwa, yule akiondolewa. Vasco da Gama alipokuja mwaka 1502 kudai kodi kwa kitisho cha mizinga, aliyekutana naye alikuwa Amiri Ibrahim, mtu aliyetawala bila kuwa wa ukoo wa kisultani. Dhahabu ya kodi ile ilifuliwa mwaka 1506 kuwa chombo cha ibada cha Belém, na leo kinaonekana katika jumba la makumbusho Lisbon. Wareno walijenga ngome Kilwa, wakaondoka mwaka 1512. Miaka saba tu.

Mwandishi aliahidi sura kumi. Nakala inatufikisha kwenye meli za kwanza za Wafaranji, inaishia sura ya saba. Siku ya kuporwa mji haimo.

Wasomi wengi huisikitikia sura ile isiyokuwepo. Mimi pia. Lakini nimeanza kuona kwamba kuna nyingine iliyokosekana kabla yake, na hiyo hata haikuahidiwa. Watu wa bibi yangu walitoka bara ya Lindi. Nyanya yake aliteremshwa Kilwa Kivinje karne ya 19, akiwa binti mdogo. Aliugua, msafara ukamwacha, mwanamke mmoja mvuvi wa uduvi akamlea. Kivinje si Kisiwani, wala karne ya 19 si ya 14, na sitaki kuzikoroga pamoja. Ninachosema ni kwamba mimi nimezaliwa pande zote mbili za kile kivuko. Nikiililia Kilwa kwa sauti moja tu, kuna mtu wangu ninayemnyamazisha.

Je, tuache kuisifu? Hapana. Nilikaa Husuni Kubwa, kasri la al-Hasan bin Sulaiman juu ya jabali, kando ya birika lenye pande nane, nikastaajabu kama mgeni yeyote. Sarafu za shaba za masultani wale zina maandishi ambayo upande mmoja unakwenda kwa vina na upande wa pili. Moja ya al-Hasan iliokotwa Zimbabwe Kuu. Mji unaotia vina katika chenji ya sokoni unastahili kupendwa. Ila mapenzi ya mtu mzima huuliza nani aliyeteka maji ya birika.

Nahodha alinipigia ukelele kutoka chini kwamba maji yanakupwa, tuondoke. Niliteremka taratibu, maana ngazi zimeliwa na bahari. Kama ningekuwa mwalimu, ubao wangu ungebaki vilevile, na orodha zake mbili. Ningeongeza kazi moja tu ya nyumbani: soma orodha ya bidhaa kwa sauti, mbele ya mtu mzima wa nyumba yenu, kisha nyamaza umsikilize.