Juu ya Matumizi ya Neno "Milele"

Kamusi nyingi huyaweka milele na daima pamoja kana kwamba ni neno moja. Lakini twasema "daima huamka mapema", wala hatusemi "milele huamka mapema". Daima ni mfululizo usiokatika; milele ni kukana mwisho. Kinyakyusa cha Rungwe hupambanua maana hizo kwa kurudia neno: bwila ni daima, bwila na bwila ni milele.

Kosa kubwa zaidi huonekana katika habari za ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yaruhusu mwanakijiji apewe haki ya kimila kwa muda usio na ukomo. Wilaya ya Mbozi, iliyokuwa katika Mkoa wa Mbeya hadi mwaka 2016, ilikuwa miongoni mwa za kwanza kutoa hati hizo. Vijiji vya Iringa navyo vimezipata. Mwenye hati akifasiriwa kwamba shamba ni lake "milele", amedanganywa, kwani masharti yakivunjwa haki hiyo yaweza kufutwa. Milele huukana mwisho. "Bila ukomo" huunyamazia tu. Mfasiri asiwape watu ahadi ambayo sheria haikuitoa.